Ukoo wa Ligaya kwa Kitagalog

Jumanne, Namakwekwe, Mbale. Mvua imeshuka kutoka mlima Wanale tangu alfajiri, ikapumzika kidogo, ikarudi. Nepi za Ligaya nimezitundika kwenye kamba humu chumbani, na mimi nimeketi chini yake kama mtu aliye ndani ya hema. Mtoto amelala. Simu iko pajani, nimeilaza kifudifudi ili nisiiangalie kila mara.

Leo ni siku ya nne.

Siku ya nne tangu nimpelekee ujumbe mama yake Rodel, kule Ufilipino, kwa Kitagalog, kwa maneno yangu mwenyewe. Sikuwahi kumwandikia kabla. Nilimuuliza ukoo wa mtoto wangu. Alama mbili za buluu zilitokea Ijumaa ileile, maana yake ameona. Tangu hapo kimya.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa, nikueleze. Rodel alikuwa mume wangu, na hii blogu ni yeye aliyenifungulia ili nizoee kuandika. Alikuja Mbale kufunga mashine katika kiwanda kimoja upande wa Industrial. Fundi wa kuchomelea, mtu mfupi, mashavu makubwa, mwenye cheko la kuchelewa. Unamwambia kichekesho, watu wote wanacheka, wananyamaza, wanaanza habari nyingine, ndipo yeye anacheka. Mji mzima ulimwita Mchina. Watu wa boda wakimpigia kelele "Mchina!" naye aliwajibu "Mgisu!" hata kama aliyemwita ni Mteso. Wakapendana hivyo.

Tulioana Jinja, nyumbani kwa baba. Alisilimu, shehe akampa jina Ridhwan, lakini mimi niliendelea na Rodel kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea.

Mkataba wake ulipokwisha na pasipoti ikawa inakaribia kufa, alirudi kwao kutengeneza vyote viwili. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Alisema ni miezi miwili tu. Alisema pia kwamba habari ya mke hataki kumwambia mama yake kwa simu, atamwambia jikoni, uso kwa uso. Alimwambia siku ileile aliyofika. Kesho yake akanipigia, nikamuuliza, Nanay amesema nini? Nanay ndivyo wanavyomwita mama.

"Amenyamaza," akasema. "Ameendelea kukata vitunguu."

Wiki ya tatu akashikwa na homa. Si malaria, ni homa nyingine ya mbu wa kwao. Siku sita tu.

Ligaya alizaliwa baba yake yuko ardhini, mahali ambapo mimi sijapaona. Jina alikuwa amelitoa yeye: akiwa msichana, Ligaya, maana yake furaha. Majirani wanasema Rigaya na nimechoka kuwasahihisha.

Kati yangu na Nanay akabaki dada yake Rodel, Ate Liza. Ate ni dada mkubwa. Huniandikia Kiingereza kifupi, kila baada ya wiki kadhaa, na mwisho wa kila ujumbe kuna maneno yaleyale: Nanay anasema ujitunze. Yaleyale, kama mhuri. Siku moja nilimuuliza karatasi za mazishi zilimwandika Rodel vipi. Akasema zilimwandika kwamba hajaoa, kwa sababu huko hapakuwa na karatasi ya kuonyesha vingine. Akasema nisiweke moyoni, ni karatasi tu.

Niliweka moyoni.

Sasa hii habari ya ukoo. Wiki iliyopita nilikwenda kumwandikisha Ligaya. Nilikuwa na barua ya mwenyekiti wa LC1, mkuu wa kijiji hapa kwetu, ina mhuri, inasema mimi ni mkaaji wake na mtoto ni wangu. Fomu nikaijaza vizuri mpaka nikafika upande wa baba. Kabila. Ukoo. Kalamu ikasimama.

Karani alikuwa mama mmoja mpole mwenye kikohozi.

"Baba ni mtu wa wapi, nyabo?"

Nikamwambia.

"Basi piga mstari hapo. Wageni tunawapigia mstari."

"Yeye si mstari," nikasema. "Ana watu wake."

Akanitazama juu ya miwani. Nilifikiri atakasirika. Akasema, "Basi nenda uwaulize. Fomu haina haraka, na sisi hatuhami."

Nikarudi nayo ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Njiani nilikuwa nafikiria ule mstari. Mtoto ana macho ya mtu. Ana vidole vya miguu vya mtu, kile cha pili kimempita kidole gumba. Halafu karatasi yake ya kwanza duniani, upande huo wote, iwe mstari.

Mwenye nyumba yangu, Mayi Nambozo, aliikuta fomu mezani. Mayi ndiyo mama kwa Kigisu, na yeye ni mama wa kila mtu hapa uani, upende usipende.

"Mtoto asiye na ukoo," akasema, "akikua ataolewa na ndugu yake bila kujua. Uliza. Uliza na mwiko wao, kitu gani hawali. Wasoga wa mama yako hawana mwiko?"

Wanao. Kwa ukoo wa mama hawali mbawala, ingawa sijawahi kuona mtu wa kwao ambaye amekutana na huyo mbawala.

Basi nikashusha daftari.

Rodel aliacha daftari moja, jalada la buluu, kona zimeliwa. Safu tatu. Kiingereza, mwandiko wake. Kitagalog, mwandiko wake. Kiswahili, mwandiko wangu. Mimi niliishia Senior Two, Kiingereza changu ni cha kuulizia bei. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kiwandani: leta, shika, pole pole, bado. Katikati ya hapo tuliishi vizuri ajabu. Akitoka kazini tulikaa mlangoni, yeye na kikombe chake mimi na changu, tukaandika.

Neno la kwanza, ukurasa wa kwanza, ni asawa. Kwao mume ni asawa na mke ni asawa, neno moja linawatosha wote wawili. Asawa ko, aliniita. Wangu.

Mwanzo yalikuwa maneno ya nyumbani, chumvi na sabuni na njoo ulale. Halafu tukaingia maneno ya redio. Redio ikitaja neno kubwa, ananyoosha kidole: andika. Alisema maneno ya serikali ndiyo yanayomsimamisha mtu mpakani, tena humsimamisha akiwa na njaa. Taifa, bansa. Sheria, batas. Rais, pangulo. Hakimu kwao ni hukom, nikamwambia huyo namjua. Bendera ni watawat, lakini akasema wazee husema pia bandila, tukatazamana. Bandila, bendera, kama watoto wa baba mmoja waliokutana safarini. Uraia likawa pagkamamamayan. Hilo nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nilimwambia, mtu mwenye kigugumizi akiomba uraia kwenu, karani atajuaje amefika mwisho?

Alicheka baadaye, wakati naosha vyombo.

Mengine hayakukubali kuhama. Gomesi, vazi la wanawake wa huku, alilichora picha. Imbalu, tohara ya Wagisu, aliiandikia neno lao, tuli, haraka, bila kufikiri. Akasema hata kwao mvulana hutaniwa na wenzake mpaka siku atakayokatwa, kwa hiyo Wagisu amewaelewa tangu siku ya kwanza. Na mwenyekiti wa LC1 aliandika kapitan ng barangay. Alipopelekwa kwa mwenyekiti wetu kuandikishwa kwenye kitabu cha kijiji, alisema, "Kumbe mna kapitan!" akavua kofia akasimama wima kama askari. Mwenyekiti alitembea na heshima hiyo mwezi mzima.

Neno lililotushinda ni kabila.

Aliandika tribo, akalikata. Alisema kwao hilo husemwa kwa watu wa milimani, na wanaolisema mara nyingi hawalisemi kwa heshima. Akaandika Tagalog, akaweka alama ya kuuliza. Chini yake, kwenye ukoo, akaandika angkan, na pembeni maneno madogo: hatulitumii sana. Niliyaona maneno hayo Ijumaa. Nikayapita.

Niliandika nikiwa na mtoto mgongoni. Kwanza kwa Kiswahili, halafu neno kwa neno. Simu nayo ina kitu cha kutafsiri, lakini nilipokipa mwenyekiti wa LC1 kikaniletea kiti cha kukalia, nikakifunga. Rodel aliwahi kuniambia, ukiongea na Nanay usisahau po. Po ndiyo heshima yao, unaiweka ndani ya maneno kama chumvi. Nilitia po kila mahali, hata baada ya jina la Ligaya, ambaye ana miezi kumi na bado anajinyea.

Niliandika kwamba mimi ni asawa wa Rodel. Kwamba mtoto ana afya. Kwamba kapitan wa barangay yetu amenipa barua yenye mhuri, na sasa ofisi ya taifa inataka kujua upande wa baba. Halafu: Ano po ang angkan ni Ligaya? Ukoo wa Ligaya ni upi? Ano po ang bawal kainin? Kitu gani hamli?

Nikasoma kwa sauti mara tatu, nikapeleka. Hapa ilikuwa saa nne asubuhi. Kwao tayari saa tisa alasiri.

Jumamosi, kimya. Jumapili nikaenda Jinja kwa baba, maana ukuta wa hapa nilikuwa nimeshaumaliza kuutazama. Baba akauliza, wamejibu? Nikasema ni mtandao. Akambeba Ligaya akatoka naye nje, na mimi nikaingia chumba alichokuwa analala haboba, bibi yangu mzaa baba. Siku hizi ni chumba cha magunia. Nikakaa juu ya gunia la mchele, na hapo nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria kwa miaka.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa wazungu, wakabaki, wakazaa, wakazikwa. Mpaka leo nikiongea Kiswahili sokoni Mbale kuna mtu lazima aseme neno, maana huku Kiswahili ni lugha ya askari. Jana tu yule mama wa nyanya ameniambia, "Afande, leo unakamata nani?" Nikamwambia nakamata nyanya, usikimbie. Tulicheka. Lakini nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, haboba alinishika mkono tukaenda ofisini kuandikisha jina lake, na huko hawakuwa wanacheka vizuri.

Karani alimuuliza kabila. Akasema Mnubi. Karani akasema, hiyo si ya hapa, nyinyi mlikuja na bunduki. Ukoo gani? Mwiko gani? Mtu mmoja kwenye benchi akadakia, "Mwiko wa Wanubi ni jembe." Benchi lote likacheka.

Haboba alivuta mtandio wake. "Mwanangu," akamwambia, "babu yangu yuko chini ya udongo wa hapa, na mama yangu, na watoto wangu wawili. Inama uwaulize."

Njiani alinishika mkono kwa nguvu hadi bangili yake ikaniacha alama. Alisema jambo moja tu: mtu akikuuliza wewe ni wa nani, sikiliza kwanza kama anataka kukujua au anataka kukutoa.

Nilikaa pale juu ya mchele nikaona nilichokifanya.

Mama amezika mtoto wake. Anakaa miezi na miezi, halafu siku moja simu yake inalia, ni yule mwanamke wa mbali aliyeletwa kwenye maneno kati ya vitunguu. Na neno lake la kwanza si pole. Neno lake la kwanza ni, nyinyi ni watu gani hasa?

Sikuandika pole. Nimeisoma tena na tena, haimo. Nilikuwa na shughuli nyingi na po.

Nilitaka kuufuta ule ujumbe, lakini alishauona. Kufuta kitu ambacho mtu ameshakiona ni kama kumfungia mlango usoni mara ya pili.

Jana sokoni, baada ya nyanya, nilipita kwa mwanamke anayeuzia Wahindi. Alikuwa na karela mezani, zile za kijani zenye mikunjo kama ngozi ya mamba mdogo, chungu kupita dawa. Rodel alipoziona mara ya kwanza alirudi nyuma hatua mbili. Kwao ni ampalaya. Aliniambia Nanay alikuwa anakaa mbele yake mpaka sahani iishe, na yeye akajifunza kuificha shavuni, atabasamu, aombe ruhusa, atoke nje akaiteme. Nilimwambia ndiyo maana mashavu yako yako hivyo. Nilisimama hapo mbele ya karela kama mtu anayesoma barua, mpaka mwenye meza akaniuliza kama nanunua au naombea.

Ndivyo nilivyo siku hizi. Nasimama mbele ya vitu. Chai naitengeneza ya vikombe viwili halafu nakunywa vyote. Watu wananiuliza, Mchina wako anarudi lini? Wanajua amekufa. Ila kuna wanaoamini alinikimbia, na kufa ni hadithi niliyoipika mwenyewe. Sina kitu cha kuwaonyesha. Nina daftari.

Ngoja. Simu imetetemeka.

*

Nimerudi. Ni alasiri, mvua imekwisha, nepi bado mbichi. Ligaya ameamka, amekula, amelala tena, na mimi bado nina penseli sikioni.

Alikuwa ni yeye. Ametuma sauti, ndefu, na picha moja.

Mara tatu za kwanza sikushika daftari. Nilisikiliza sauti tu. Ni nyembamba kuliko nilivyofikiria. Nyuma kuna kuku na pikipiki na mtu anayekohoa. Halafu nikaanza kusimamisha kila neno, narudisha, naandika, natafuta. Mengine sikuyapata, nimeyaacha na nafasi yake. Lakini haya nimeyapata.

Alianza na jina. Ligaya. Halafu akasema, apo ko.

Apo ni mjukuu. Ko ni wangu.

Akaomba radhi kwa kuchelewa. Jumamosi alikwenda kwa kapitan wao, ofisi imefungwa. Jumapili imefungwa. Jumatatu kapitan alikuwa kwenye msiba. Leo amempata. Maana nilipomwambia kwamba kapitan wetu ameandika barua, yeye alielewa kwamba sasa ni zamu ya wake kuandika, ndivyo mataifa yanavyoongea. Mimi sikuomba barua. Nilimtaja mwenyekiti ili Nanay ajue tu kwamba sitembei bila watu. Na yeye, mama mwenye magoti mabovu, akatembea mara nne.

Siku zote nne nilizohesabu hapa, alikuwa barabarani.

Picha ni hiyo barua. Ina mhuri wa duara. Inasema kwa Kitagalog cha serikali, kile tulichokuwa tunakinyooshea kidole kwenye redio, kwamba Rodel alikuwa mkaaji wa pale tangu kuzaliwa, mtoto wa fulani na fulani, na kwamba mtoto Ligaya aliyeko Uganda ni mjukuu wa familia hiyo. Niliisoma kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari. Katikati kuna mahali pa kusema kama mtu ameoa. Pamepigwa chapa: binata.

Binata ni mwanaume ambaye hajaoa.

Nikasema, basi, hata huku.

Halafu nikaikuza picha. Juu ya binata kuna mstari wa kalamu. Neno limekatwa. Na juu ya mstari, kwa mkono, herufi kubwa zinazopanda kilima: may asawa. Kando yake kuna sahihi ndogo ya kapitan, vile wanavyofanya benki ukikosea.

Nikarudi kwenye sauti kutafuta mahali hapo. Nanay anaeleza kwamba kapitan alinakili kutoka kitabu cha zamani. Akamwambia arekebishe. Kapitan akasema sawa, atachapisha nyingine safi. Nanay akasema hapana, kata hapa, mbele yangu, nataka ionekane kwamba ilikuwa imekosewa.

May asawa. Ana mke. Ukurasa wa kwanza, neno la kwanza. Sikuhitaji daftari.

Kuhusu ukoo, alisema tangu azaliwe hajawahi kuulizwa swali hilo, na alilipenda. Nimelirudia neno hilo mara nyingi kuhakikisha, na ndilo. Alikwenda kwa kaka mkubwa wa marehemu mume wake, wakakaa, wakafikiri. Angkan hawajui. Ila watu wa pale huwaita taga-tulay, watu wa darajani, kwa sababu nyumba yao iko kando ya daraja tangu kwa babu wa babu. Akasema niandike hiyo. Nami ni mtu wa Jinja. Nimekua nikisikia malori yakipita juu ya daraja.

Na mwiko. Alisema hakuna. Kisha kimya. Kuku. Pikipiki. Nilifikiri ujumbe umekwisha, nikataka kuweka simu chini, ndipo akacheka.

Akachelewa, akacheka.

Akasema, ampalaya. Babu yake Rodel alitupa sahani nzima dirishani. Baba yake aliifukia chini ya wali. Na Rodel aliitia shavuni akitabasamu, na yeye alijua tangu mwanzo, kwa sababu kuku walikuwa wakikimbilia nyuma ya nyumba kila anapoomba ruhusa kutoka. Vizazi vitatu. Kama huo si mwiko, akasema, sijui mwiko ni nini. Andika ampalaya.

Ya jikoni na vitunguu hakuyagusa. Mimi pia sitayauliza.

Mwisho aliniuliza swali moja. Alikuwa anakula vizuri huko?

Nilijaribu kumjibu kwa sauti, nikafuta. Nikajaribu tena, nikafuta. Nilikuwa na mengi: kwamba alipenda muhogo wa kuchoma, kwamba posho, ugali wa huku, aliiita saruji lakini alimaliza, kwamba kikombe chake bado kipo. Nilikuwa na pole yangu iliyochelewa, hiyo niliiandika nikaitanguliza. Halafu nikabonyeza nikasema kile nilichoweza. Opo, Nanay. Marami po. Ndiyo, mama. Sana.

Imepata alama mbili za buluu palepale.

Sijui nitasemaje kuhusu jioni ya leo. Chumba ni kilekile. Hakuna mtu atakayeingia akivua viatu vya kiwandani. Nimetengeneza chai na nimejikuta tena na vikombe viwili. Barua haimrudishi. Ila nimeichukua fomu nikaandika kwanza kwa penseli, halafu kwa kalamu. Kabila: Tagalog, bila alama ya kuuliza. Ukoo: Taga-tulay.

Mayi Nambozo ameisoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Hii ndiyo ya wapi?"

"Ya darajani."

"Na mwiko?"

"Karela."

Akafikiri. "Hiyo hata mimi siili," akasema. "Basi tuseme ni ndugu." Akaniachia ndizi tatu mlangoni, akaenda kuanua nguo zake.

Kesho, mvua ikikubali, nitampelekea yule mama wa kikohozi fomu yake. Nikitoka huko nitapita kwa mwanamke wa karela ninunue moja, ndogo. Nimejiuliza kama nimwonjeshe Ligaya kidogo tu kwenye ulimi, nione uso atakaofanya.

Hapana. Mwiko ni mwiko.

Nitamwonyesha tu. Nitamwekea mkononi aguse ile mikunjo, nimwambie: hii, mama, watu wenu hawali.